Noah ya bei chee, ukiweka D inakawia kushika

Kaka, hiyo Noah ya otomatiki uliyoniuliza, inayokawia kushika ukiweka D (gia ya kwenda mbele), usiikimbie bado, ila usitoe hata kishika uchumba kabla hujaiona ikiwashwa asubuhi ikiwa ya baridi kabisa. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto, mwambie utarudi kesho.

Umesema muuzaji anadai "ni oili tu". Haya, injini ikiwa inaunguruma na imeshapata moto, vuta kijiti cha oili ya giaboksi (siyo cha injini; Noah hiyo, toleo la SR40, ina kijiti chake cha giaboksi) upanguse kwenye tishu nyeupe. Nyekundu safi, maongezi yaendelee. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, pleti za ndani zinazoshika gia zimeshaanza kuisha, na oili mpya haifufui pleti. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi. Hapo ondoka tu, usibishane na mtu.

Kisha ipandishe kilima na watu ndani. Injini ikipiga kelele huku gari halivuti, inateleza. Angalia pia taa ya O/D OFF (ya gia ya juu, overdrive) kwenye dashibodi: ikipepesa yenyewe, kompyuta ya gia imeshaona hitilafu.

Hiyo milioni mbili aliyokupunguzia muuzaji isikuleweshe. Pita kwanza Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya vipuri, uliza bei ya giaboksi yake ya mtumba, ongeza hela ya fundi na oili, ndipo umtajie bei yako. Mimi ningemkata zaidi ya hapo, maana giaboksi ya mtumba nayo ni bahati nasibu.

Na rivasi je, inaingia vizuri? Hilo hukulisema.