Maswali ya Wasomaji: Kinachopinda Hasa ni Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila nikisoma habari za Einstein, kwamba uvutano ni kupinda kwa nafasi na wakati, naonyeshwa mpira mzito juu ya shuka lililovutwa, na gololi zikiuzunguka. Lakini shuka linabonyea kwa sababu Dunia inauvuta mpira! Uvutano unaelezwa kwa uvutano? Kinachopinda hasa ni nini? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Umeshika penyewe, na mchoro ule una kasoro kubwa zaidi ya hiyo: unaonyesha nafasi na kuuacha wakati. Kwa vitu vya mwendo mdogo, jiwe au hata sayari, karibu kazi yote inafanywa na wakati.

Chukua jiwe na risasi. Jiwe likitua mita 10 mbele baada ya kukaa hewani sekunde 2, lilipanda mita 5. Risasi ya mita 500 kwa sekunde inazimaliza mita hizo kwa sekunde 0.02, na tao lake lina kimo cha nusu milimita tu. Kama ingekuwa nafasi peke yake imepinda, mbona njia hizo hazifanani? Sasa ingiza wakati kwenye mchoro: kila sekunde ihesabu kuwa kilomita 300,000, umbali unaokatwa na mwanga. Jiwe limekwenda kilomita 600,000, risasi 6,000. Tafuta nusu kipenyo cha kila tao: zidisha urefu kwa wenyewe, kisha gawanya kwa mara 8 ya kimo. Zote mbili zinatoa jibu lilelile, karibu mwaka-nuru mmoja, yaani umbali ambao mwanga unaukata kwa mwaka.

Ila tao hilo bado silo mpindo wenyewe. Ndani ya lifti iliyokatika kamba jiwe linaelea mbele yako, tao limetoweka. Mpindo ni kile kinachobaki hata humo. Achia gololi mbili zilizotengana mita 1 kwa ulalo: baada ya sekunde 10 zimekaribiana kama milimita 0.08. Zipange moja juu ya nyingine, zitaachana zaidi kwa milimita 0.15. Newton angesema ya chini inavutwa zaidi. Einstein, mwaka 1915, alisema hakuna iliyovutwa: kila moja imekwenda moja kwa moja, kama ndege mbili zilizoruka kutoka Ikweta sambamba kuelekea kaskazini zikaja kukutana kwenye Ncha ya Kaskazini bila rubani kukata kona. Kutanuliwa na kubanwa huku ndiko, kwa upande wa Mwezi na Jua, kunakofanya bahari ijae na kupwa.

SWALI: Je, imepimwa, au ni hesabu za karatasini tu?

JIBU: Imepimwa. Setilaiti za GPS, mfumo unaoiambia simu yako mahali ilipo, ziko kama kilomita 20,200 juu. Kwa kimo hicho saa zake zinatangulia za ardhini mikrosekunde 45 kwa siku, kisha mwendo wake unazirudisha nyuma 7, zinabaki 38. Ndiyo maana mdundo wa saa hizo, unaotakiwa kuwa megahezi 10.23 (mapigo milioni 10.23 kwa sekunde), hutegwa 10.22999999543 kabla ya kurushwa.

Hapo ni wakati. Nafasi inajionyesha kwenye mwanga, kwa kuwa unakwenda kasi ya kutosha. Mwanga wa nyota ukipita kando kabisa ya Jua, mpindo wa wakati peke yake ungeukengeusha sekunde za tao 0.87 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Nadharia inadai 1.75, na picha zilizopigwa kisiwani Príncipe, Afrika Magharibi, na Sobral, Brazil, wakati wa kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919 zilielemea kiasi hicho kikubwa. Vipimo vya redio vya miaka ya baadaye vimekithibitisha kwa usahihi zaidi. Ziada hiyo ya nusu ndiyo mpindo wa nafasi.