Muulize Afande: Mjomba ananipeleka kuwinda nguruwe pori

SWALI: Salamu, Afande. Mimi ni kijana wa miaka 23, nakaa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Nguruwe pori wamemaliza mihogo na karanga za mjomba wangu, na Jumamosi ijayo yeye na majirani wanaingia kichakani kuwasaka kwa nyavu, mbwa na mikuki. Amesema safari hii na mimi nije. Sijawahi kuwinda hata panya. Nimeshanunua jaketi la kombati la mtumba na gambuti mpya. Je, nibebe mkuki au panga? Na nikigawiwa nyama, naweza kumpelekea mama? Anafuga nguruwe wawili nyuma ya nyumba. — Mpwa, Bweyale

JIBU: Mpwa, salamu zimefika. Tuanze na hilo jaketi: lirudishe kwa aliyekuuzia, leo hii. Mimi nguo hiyo nimeivaa miaka 19 kwa ruhusa; wewe huna. Hapa Uganda raia kukutwa na mavazi ya jeshi ni kosa, na mwaka 2019 yalitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kwa hiyo usiseme hukujua. Tena kombati itakuficha kwa wenzako wenye mikuki, wakati nguruwe anakutafuta kwa pua. Vaa fulana ya njano. Najua unayo; kampeni zimepita kila kijiji.

Gambuti ni sawa, ila zivae shambani wiki nzima kwanza. Mpya hulia kwenye majani mabichi, halafu kufika saa nne asubuhi kisigino kimechunika na bado hujarudi nyumbani.

Sasa muulize mjomba kwa adabu: kibali kiko wapi? Nguruwe pori, nyani na tumbili wamewekwa kwenye kundi la wanyama waharibifu, na watu wengi wanadhani hiyo ni ruhusa ya kuua. Siyo. Msako unapitia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha gombolola na wilaya, na UWA, mamlaka ya wanyamapori, wanapaswa kujua. Huko kwenu hifadhi ya Karuma haiko mbali, na mbwa hajui mpaka. Ukimfuata ndani na mkuki mkononi, wewe ni jangili kama majangili wengine, hata kama mihogo yenu imeliwa yote. Na ukiona mtu anatega vitanzi vya waya, mkatalie. Vitanzi havichagui mnyama: kule msitu wa Budongo vimewaacha sokwe wengi na mikono iliyolemaa.

Tuje kwenye mkuki. Utabeba, lakini hutaurusha. Panga libaki kwenye ala, ni la kufyekea njia. Kazi yako Jumamosi ni moja tu: kukaa pale utakapowekwa.

Nakuambia hivi kwa sababu mimi sikukaa. Nilikuwa kuruta, nimekuja likizo kwa wakwe zangu karibu na Masindi, najiona askari kamili. Wakaniweka kwenye mstari wa nyavu, kati ya mzee mwenye wavu na kijana mmoja fundi baiskeli. Nikasikia njuga za mbwa zinakaribia, vichaka vinavunjika, moyo ukanipanda. Nikasogea hatua tano au sita mbele, nione. Dume likapita kwenye pengo nililoacha, yule fundi akarusha mkuki wake pale alipojua hakuna mtu. Ulinichana shavu la mguu. Nguruwe akaenda zake. Yule mzee hakunipa hata pole, alikunja wavu wake, akaniuliza, “Nani alikutuma?” Jeshini nimegombezwa na watu wenye nyota mabegani, lakini swali lile ndilo ninalolikumbuka.

Kwa hiyo ukifika, mjue wa kulia kwako na wa kushoto kwako, kwa majina, na uhakikishe wanakuona. Funga jivu kidogo kwenye kitambaa, ulitikise uone upepo unaelekea wapi. Wenye nyavu wanatakiwa wapulizwe na upepo unaotoka kichakani. Ukigeuka, wanyama watawanusa na kutokea upande mwingine. Sigara uache, na sabuni ya kunukia usiiguse asubuhi hiyo. Nguruwe pori hula usiku na mchana hulala kwenye vichaka vizito, ndiyo maana msako huanza asubuhi, umande ukiwa bado unaonyesha nyayo mpya na udongo uliofukuliwa.

Simama karibu na mti unaoweza kuupanda. Meno ya juu ya nguruwe pori huyaoni vizuri. Ya chini ndiyo wembe, naye hukata kwenda juu, kwenye paja. Ukisikia vitoto vinalia, usivikaribie hata kidogo: dume nalo hulinda watoto. Awepo mtu mwenye vitambaa safi vya kufunga jeraha, na bodaboda yenye mafuta ingoje barabarani. Chanjo ya pepopunda uipate kabla. Mbwa nao wawe wamechanjwa kichaa.

Kuhusu mama: nyama mbichi isifike kwake. Nguruwe pori anaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe bila kuumwa. Nguruwe wa kufugwa akiipata hufa, na dawa hakuna. Binadamu haimpati, lakini wewe ndiye utakayeipeleka bandani, kwa buti, kwa damu ya nguo, kwa mifupa iliyotupwa. Matumbo yafukiwe hukohuko. Nyama iliwe kwa mjomba, ichemke mpaka iive kabisa. Gambuti zioshe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, ubadili nguo, na banda la mama usilikanyage kwa siku kadhaa.

Jinsi ya kuipika usiniulize, mimi ni Mwislamu. Wakati wenzangu wanagawana, mimi huwa nahesabu mbwa. Niandikie Jumapili uniambie wamerudi wangapi.