Kabla Hujamnunua Tennessee Walker, Sikiliza Kwato

Wengi humtafuta Tennessee Walker, aina ya farasi wa Marekani, kwa ajili ya mgongo au magoti yao: wamechoka kurushwarushwa juu ya tandiko. Si kosa, farasi hawa wanasifika kwa hilo. Ila jina haliendi telki, yaani ule mwendo wake laini wa haraka. Anayekwenda ni farasi, na hawaendi wote sawa.

Telki yake ina mapigo manne. Kila ukwato hugusa ardhi peke yake, kwa nafasi sawa, na daima kuna mguu uliokanyaga, ndiyo maana mpandaji harushwi. Mwache muuzaji ampande kwanza, wewe fumba macho usikilize. Ko, ko, ko, ko iliyopangika ndiyo unayoitaka. Ukisikia ko-ko, ko-ko, miguu ya upande mmoja inakwenda pamoja, na huko juu utayumba kama uko kwenye mtumbwi. Kisha tazama nyayo kwenye mchanga: wa nyuma uupite wa mbele kwa sentimita 15 hadi 45. Kichwa nacho kiitikie kila hatua. Wengine huenda masikio yakipepea na meno yakigongana.

Telki ikiharibika, mara nyingi mwenye kosa ni aliyepanda. Anaegemea nyuma, anasukuma miguu mbele, anang'ang'ania hatamu. Farasi huinua kichwa, mgongo unabonyea, mapigo manne yanakuwa mawili. Usikimbilie lijamu kali, chuma cha mdomoni, itaongeza hayohayo. Rudi kwenye hatua za polepole, hatamu zikiwa zimelegea, dakika 10 au 15, kisha mpitishe juu ya magogo manne yaliyolazwa chini. Akianza kuyumba, punguza mwendo.

Tandiko nalo liangalie: bega lake hurudi nyuma sana, kwa hiyo acha vidole viwili au vitatu kati ya mfupa wa bega na tandiko. Wewe na tandiko msizidi asilimia 20 ya uzito wake. Wa kilo 450 abebe 90. Kwato zipunguzwe kila wiki 6 hadi 8.

Mwisho, piga goti. Bonyeza kwa dole gumba juu kidogo ya kwato za mbele. Akishtuka na kurudisha mguu, au ukikuta makovu na ngozi isiyo na manyoya, huenda aliwahi kupakwa dawa ya kuunguza ili anyanyue miguu juu kwenye maonyesho. Sheria ya Marekani ya 1970 ilipiga vita ukatili huo. Usimnunue kabla daktari wa mifugo hajamkagua.