Maswali ya Wasomaji: Kidole Chako Kwenye Mfumo wa Serikali

Swali: Nilikwenda kusajili laini. Wakala akawa anasema "haijasoma, weka tena", nikaweka kidole mara nne. Jirani ananiambia huenda nimesajiliwa laini za watu wengine. Inawezekana kweli?
*Msomaji wa Kahama*

Jibu: Inawezekana, dada, na mbinu hiyo inajulikana sana. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Tanzania mwaka 2019, kifaa cha wakala hutuma vitu viwili kulinganishwa na kumbukumbu za NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa: namba yako ya kitambulisho yenye tarakimu 20 na alama ya kidole ulichoweka. Mfumo unaangalia kama alama hiyo inafanana na uliyoacha siku ya kuandikishwa, kisha unajibu ndiyo au hapana. Wakala asiye mwaminifu akipata "ndiyo" anakwambia haijasoma, anaingiza laini nyingine, anakugeuzia kifaa. Namba yako haulizi tena. Ameshaiandika kwenye daftari.

Piga *106# leo, uchague kipengele cha kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni ya simu yenyewe, siyo kwa wakala wa chini ya mwavuli. Dai iondolewe, na uondoke na uthibitisho wa maandishi. Kama laini hiyo imeshatumika kutapeli watu, pita polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoripoti, maana uchunguzi ukianza, jina litakaloonekana ni lako.

Safari nyingine usiweke kidole kabla hujakiona kioo cha kifaa. Soma namba ya laini inayosajiliwa. Akisema haijasoma, akuonyeshe kwanza kifaa kimeandika nini. Na namba ya NIDA usiiache kwenye daftari la mtu: tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiitoa umetoa na hiyo.

Swali: Kinachohifadhiwa ni picha ya kidole au ni namba tu? Zikiibwa nitafanya nini?
*Msomaji wa Morogoro*

Jibu: Katika mifumo mikubwa ya vitambulisho, kwa kawaida ni vyote viwili. Skana hupiga picha, mara nyingi kwa nukta 500 kwa kila inchi. Programu hutafuta mahali ambapo mistari ya ngozi inaishia au inagawanyika, ikaandika kila mahali hapo palipo na upande mstari unaoelekea. Orodha hiyo huitwa kiolezo, na ndiyo inayotumika kulinganisha. Picha nayo hubaki, kwa sababu programu ikibadilishwa violezo hutengenezwa upya, na hakuna serikali inayotaka kupanga foleni ya wananchi wote mara ya pili.

Anayekwambia kiolezo kikivuja hakina madhara, usimwamini. Watafiti wameshaonyesha kwamba kutokana na kiolezo inawezekana kuunda picha ya kidole inayoweza kudanganya mfumo. Na wizi wa kumbukumbu hizi si jambo la kufikirika: mwaka 2015 ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6 zimeibwa.

Nywila utabadilisha, vidole ni hivyo hivyo kumi. Ndiyo maana mzigo ni wa anayetunza: data isimbwe, yaani igeuzwe isisomeke bila ufunguo, funguo hizo zikae mbali na kanzidata, na kila afisa anayefungua rekodi aache jina na saa. Raia naye angeweza kupewa komeo. India mwenye namba ya Aadhaar, ile ya utambulisho wa nchi hiyo, anaweza kufunga alama zake zisitumike, akazifungua siku anapozihitaji. Hatuoni kwa nini kwetu isiwezekane.

Swali: Mama yangu analima mpunga. Kila ofisi vidole vyake vinagoma. Tufanyeje?
*Msomaji wa Mbarali*

Jibu: Jembe, saruji, sabuni kali na umri hulainisha mistari, na ngozi kavu haishiki vizuri kwenye kioo cha skana. Aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu, aikaushe, apake mafuta kidogo sana kisha ayafute. Kioo kifutwe pia. Aweke sehemu ya katikati ya kidole, siyo ncha, bila kukandamiza. Kidole gumba kikigoma ajaribu vingine. Vyote vikigoma, aombe NIDA wamchukulie alama upya, kwa sababu huenda zilizoko kwenye mfumo ndizo hafifu.

Swali: Hapa Kenya, serikali ikileta mfumo mpya inapaswa kufanya nini kabla ya kunichukua alama?
*Msomaji wa Mombasa*

Jibu: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai tathmini ya athari pale uchakataji unapoweza kuhatarisha sana haki za watu. Huduma Namba, mpango wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, ilikwama hapo. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataa ukusanyaji wa DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS, ikataka kanuni kamili kwanza. Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi za Huduma Namba kwa kukosa tathmini hiyo.

Ukiitwa, uliza kwa maandishi: alama ni za kazi gani, zitakaa muda gani, na ofisi gani nyingine zitazisoma. Swali la mwisho ndilo zito. Kaskazini mwa Kenya, Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi wakati wa ukame ili wapate chakula, baadaye walinyimwa vitambulisho kwa sababu alama zao zilikutwa kwenye kanzidata ya wakimbizi. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wasomaji wa Tanzania waende Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yao imeanza kutumika Mei 2023. Ambatanisha nakala ya barua uliyoandika, tarehe uliyoipeleka na mhuri wa aliyeipokea.