Riwaya Yako Imekwama Sura ya Ngapi?

Tangu niweke picha ya jalada la riwaya yangu wiki iliyopita, jumbe za pongezi haziishi, na nawashukuru nyote kwa dhati. Lakini mmoja, wa kijana wa Manyoni, umenikaa moyoni: "Shikamoo Mwalimu. Nina sura kumi na mbili. Kila nikitaka kuendelea narudi kurekebisha ya kwanza, naona haijakaa sawa. Mwaka wa tatu huu. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Najua hauko peke yako. Wengi mnaonisoma mna mswada kabatini au kwenye simu, na mnatamani siku moja muushike ukiwa kitabu. Kwa hiyo nawajibu wote, na nitaanza na jinsi nilivyomaliza wangu.

Riwaya yangu inatokea Kongwa, mkoani Dodoma, enzi za mradi wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa mashine, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Matrekta hayakutosha, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa vya kulimia. Mibuyu ikawashinda, nyuki wakawashambulia, mvua ikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Hayo yote yameandikwa. Ya babu yangu, aliyekuwa kibarua pale, hayakuandikwa na mtu, na ndiyo yaliyonikalisha mezani.

Nilikwenda Kongwa kuuliza wazee. Kule Mlali mzee mmoja alinifundisha kuliko makabrasha yote niliyosoma. Nilimwuliza ardhi ilikuwaje kiangazi kikikolea. Hakujibu haraka. Alikunja ngumi, akagonga saruji ya baraza aliyokalia, ko, ko, ko. "Hivi," akasema. "Jembe jipya linaisha makali asubuhi moja. Karanga imekomaa chini, unaivuta, mkononi unabaki na majani." Usiku ule ule niliandika ukurasa wa kijana anayevuta shina la karanga mbele ya msimamizi Mzungu, shina likakatika, wakatazamana. Mhariri hakugusa hata nukta ya ukurasa ule. Nasema hivyo kwa fahari, kwa sababu nauona ndio moyo wa kitabu.

Lakini utafiti una utamu wake, na wengi wamezama humo wasirudi. Unaweza kuuliza wazee mpaka wazee wakaisha. Mimi nilijiwekea utaratibu: nikifika mahali ambapo sijui jambo, tuseme kibarua alilipwa shilingi ngapi, naandika ULIZA kwa wino mwekundu na sentensi inaendelea. Rasimu ilipokamilika nilizikusanya ULIZA zote kwenye karatasi moja. Nyingi hazikuhitaji jibu tena, hadithi ilikuwa imeshazipita.

Jambo jingine ni mwisho. Nilipokuwa bado sura za mwanzo niliandika tukio la mwisho kabisa, kijana anafunga mzigo wake na kuondoka kambini alfajiri. Tangu hapo kila sura ilijua inakokwenda. Simulizi za WhatsApp na Facebook zimetuzoesha kukata kila sehemu penye taharuki na kuandika "itaendelea", na wapo wanaojipatia riziki halali kwa njia hiyo, siwabezi. Tatizo ni pale mwandishi mwenyewe hajui itaendelea wapi. Ndugu yangu wa Manyoni, nina wasiwasi hicho ndicho kinachokurudisha sura ya kwanza. Unarekebisha mlango kwa sababu hujui nyumba ina vyumba vingapi. Andika mwisho wako wiki hii, hata ukiwa mbaya.

Muda wangu ulikuwa saa kumi alfajiri, kabla ya kwenda shule. Mnaoishi Dodoma mnaujua upepo wa Juni na Julai. Kitenge mabegani, kaunta buku mezani, simu chumba kingine. Fanya hesabu mwenyewe: maneno 500 kwa siku, siku 100, ni maneno 50,000, na hiyo ni riwaya. Miezi ya katikati sina la kusimulia, niliamka, nikaandika, nikaenda kazini.

Kaunta buku lilinisaidia kwa sababu kalamu ya wino haifuti. Kwenye kompyuta ukifungua faili, sura ya kwanza ndiyo inayokupokea. Unabadilisha "alitembea" kuwa "alijikokota", unarudisha "alitembea", kumekucha. Kama lazima utumie kompyuta au simu, kila sura iwe na faili lake, na asubuhi fungua la jana tu. Usirudi nyuma. Narudia, usirudi nyuma mpaka ufike mwisho.

Sasa niseme linaloniuma. Mswada ulipokamilika niliupeleka kwa mchapishaji mmoja. Ulikaa kwake zaidi ya mwaka. Jibu lilikuja kwa simu: riwaya ya Wagogo na karanga nani ataisoma, nihamishie hadithi Dar es Salaam, niongeze mapenzi. Nililia jikoni siku ile, watoto wakinitazama. Kitabu kimetoka kwa mchapishaji mwingine, kikiwa na Kongwa yake na mibuyu yake, na bado maneno yale hayajanitoka.

Kanda ya kati tumesimuliwa na wengine muda mrefu mno, na kila mara ni ukame, njaa na ombaomba. Leo Dodoma ni makao makuu, treni ya umeme inafika kutoka Dar es Salaam, maghorofa yanaota kila upande, na bado ni nadra mtoto wa Bahi kufungua riwaya akakuta watu wanasalimiana "Mbukwenyi". Nani atamwandikia? Msihamishe hadithi zenu! Iandike Manyoni yako na reli yake, na vumbi lake, na bibi zake wanaotwanga uwele. Anayetaka hadithi ya Dar es Salaam aiandike yeye.

Ila milango hufunguliwa na mswada mzima. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, na riwaya ilikuwamo. Huwezi kuingia huko na sura kumi na mbili.

Ukimaliza, uweke mswada kabatini mwezi mzima, kisha umsomee mtu kwa sauti. Mimi nilimsomea mama. Alipoanza kuulizia chumvi nilijua pale pamelegea, nikaweka alama. Ndipo sasa urekebishe hiyo sura ya kwanza inayokutesa.

Na siku ya kuupeleka kwa mchapishaji, baki na nakala yako. Dai karatasi ya kupokelewa yenye tarehe na sahihi. Mkataba ukija, kabla ya kutazama mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo, tafuta kipengele cha muda, kinachosema wazi kwamba asipochapa katika muda mliokubaliana, haki zote zinarudi kwako. Kama hakimo, omba kiandikwe ndipo usaini.