Kwa mtakwimu bima mgeni: kifo si tatizo lako la kwanza

Ukitoka chuo na takwimu bima yako, yaani elimu ya kukadiria hatari na kupanga bei za bima, unaingia ofisini umejiandaa kupambana na kifo. Jedwali la vifo unalijua, riba unaijua. Mwanamume wa miaka 35, tuseme vifo 3 kwa mwaka katika kila watu 1,000, fidia milioni 10: kifo kinakugharimu shilingi 30,000 kwa mwaka. Hapo ukikosea utakosea kidogo, na fidia ikiwa kubwa kampuni ya bima mtawanyo, ile inayozikatia bima kampuni za bima, inabeba sehemu yake. Pesa nilizoona zikipotea zilipitia kwingine, kwenye mambo ambayo mteja ana hiari nayo: kuacha, kuongeza mtu, kuchagua.

Chukua bima ya maisha yenye akiba, ada 50,000 kwa mwezi. Mkataba unasainiwa leo na tayari umetoa kamisheni ya wakala 300,000, daktari na vipimo 80,000, gharama za ofisi 100,000. Hilo ni shimo la 480,000. Katika kila ada, ukishaondoa kifo, uendeshaji na akiba ya mteja, tuseme inabaki 20,000 ya kufukia. Ni miezi 24. Sasa Januari inafika, watoto wanadaiwa karo na sare, na mteja wako aliyelipa mara tano anakaa kimya. Umefukia 100,000 tu. Hata ukizuia akiba yake yote, haitoshi. Mkataba wa wakala unaruhusu kumdai kamisheni irudi. Mdai basi, kama bado anapokea simu.

Halafu wanaoacha hawafanani na wanaobaki. Mwenye afya njema anaona anatupa pesa. Mwenye kisukari halipi kwa kuchelewa hata siku moja. Kwa hiyo kiwango cha kuacha kitazame kwa kila wakala, kila njia ya malipo, kila mwezi wa mkataba. Wanaokatwa kwenye mshahara na wanaolipa wenyewe kwa simu usiwaweke kapu moja.

Kuongeza mtu kulinifundisha kwa aibu. Nilipanga bei ya bima ya msiba kwa kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa: mwanachama, mume, watoto, na wazazi kwa hiari, ada moja kwa kila mzazi bila kujali umri. Nilidhani kila mtu angeandikisha wazazi wote. Fomu ziliporudi nikakuta wazazi 64, na katika safu ya tarehe ya kuzaliwa 41 walikuwa wa 1/1 au 1/7, tarehe za kukisia. Wazee wetu wengi hawana cheti, hilo si kosa lao. Kosa lilikuwa langu: nilijenga ada ile moja juu ya wastani wa umri ambao hakuna aliyeujua, na aliyekuwa na mama mgonjwa kijijini ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwandikisha. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Mwaka uliofuata tukaweka kipindi cha kusubiri, wazazi wote au hakuna, na hakuna kuongeza katikati ya mwaka isipokuwa aliyeolewa. Ada ilipanda kidogo tu.

Kuchagua kunachelewa kuuma, ndiyo maana wageni hulidharau jambo hili. Equitable Life ya London ilianzishwa 1762, na ndiyo iliyoanza kutoza ada isiyopanda kwa hesabu za umri na vifo; sisi sote ni wajukuu zake. Kuanzia 1957 hadi 1988 iliuza mikataba ya pensheni inayompa mteja haki ya kuchagua kiwango cha pensheni kilichohakikishwa. Riba ilipokuwa juu, haki hiyo ilionekana haina thamani, kwa kuwa pensheni ya kawaida sokoni ilizidi ile iliyohakikishwa. Miaka ya 1990 riba ikashuka, watu wakaishi zaidi, na wote wakaitaka. Kampuni ikajaribu kupunguza bonasi, yaani nyongeza ya mwisho wa mkataba, za waliochagua kiwango hicho. Julai 2000 mahakama ya juu ya Uingereza ikakataa, na Desemba mwaka huo kampuni ikafunga milango kwa wateja wapya.

Kwa hiyo ukiniletea bidhaa mpya, ukurasa wa kwanza usiwe wa jedwali la vifo. Niandikie kila kitu mteja anachoweza kuamua mwenyewe, na mbele yake bei uliyokiwekea. Palipoachwa tupu nitapazungushia kalamu nyekundu na kukurudishia.