Nimechangia Chuo, Mbona Kimya?

Maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamoo mama. Nipo ofisi ya wahitimu kwenye chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini, tuko wawili tu na kompyuta moja. Mwaka juzi tulianzisha mchango wa hosteli ya wasichana pamoja na kamfuko ka kuwalipia ada waliokosa mkopo. Watu waliitikia vizuri sana, walichanga watu 312, kuanzia elfu tano mpaka mmoja aliyetoa milioni nne. Mwaka huu tumerudi kuomba wamejibu 58 tu, na kwenye grupu la WhatsApp kila tukiweka kontro namba ya kulipia watu wanalefti. Na asante tulitoa, kila mtu alitumiwa meseji, nimekuwekea hapo chini uione. Bosi anasema wahitimu wetu hawana mapenzi na chuo. Tunakosea wapi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Bosi wako mwambie kwa heshima kwamba mtu aliyetoa hela yake mwaka juzi mapenzi alishayaonyesha, ye ndo anasubiri mpaka leo kuona na nyie mnamchukuliaje.

Meseji yenyewe naiweka hapa na wengine waione: "Ndugu Mdau, Uongozi wa Chuo unatoa shukrani za dhati kwa mchango wako. Unaombwa kuendelea kuchangia kupitia kontro namba ifuatayo." Sasa hapo asante iko wapi? Jina la mtu halipo, alichotoa hakipo, hosteli yenyewe haijatajwa, na sentensi ya pili tu mshanyoosha mkono tena. Yule mama aliyetoa elfu tano na yule wa milioni nne wote ni "Ndugu Mdau". Mi ningekuwa mmoja wao ningelefti pia.

Hebu fikiria mchango wa harusi, maana huko ndo sisi wote tumesomea. Ukitoa ahadi mweka hazina anaandika kwenye daftari, ukilipa anakutumia meseji kuwa imefika, kadi inakuja na jina lako, single au double, siku ya shughuli unakaa unakula unamwona bibi harusi kwa macho yako, halafu baada ya wiki mbili tatu kunakuwa na kikao cha kuvunja kamati, mapato na matumizi yanasomwa, hata ile elfu kumi na tano iliyobaki kwenye vinywaji inasemwa. Ndo maana mtu huyohuyo mwezi unaofuata anachangia harusi nyingine na hanung'uniki sana. Nyie mlikusanya hela za watu 312 na kamati hamjaivunja mpaka leo! Hawajui boma limefika wapi, hawajui ni wanafunzi wangapi walilipiwa ada, wanachojua ni kwamba kontro namba imerudi.

Nilifanya kazi ya kukusanya michango ya chuo miaka mingi, na nikwambie kitu kimoja kilichonibadilisha. Kulikuwa na nesi mstaafu wa Tanga, alikuwa anatuma elfu kumi kila mwisho wa mwezi bila kukosa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpigia, tulikuwa tunahangaika na makampuni. Siku moja nikamwita binti mmoja wa mwaka wa pili uuguzi aliyelipiwa ada na ule mfuko, nikampa simu ya ofisi nikamwambia mpigie huyu bibi, mwamkie, mwambie wewe ni nani na unasoma nini, usimwombe kitu chochote. Binti alisimama pale kwenye korido anajiviringisha waya kidoleni kwa woga. Bibi kupokea tu akauliza "mwanangu na huko unakula nini?" Waliongea dakika kumi na moja, wakafika mpaka kwenye namna ya kumgeuza mgonjwa aliyelala muda mrefu asipate vidonda, bibi anafundisha kwenye simu, binti anaandika kwenye kiganja. Alipokata alikuwa analia, na mimi pia. Bibi hakuongeza hata shilingi, aliendelea na elfu kumi yake mpaka alipofariki, na sikuwahi kuona kuwa ile simu ilipotea bure.

Nasema hivyo kwa sababu wengi mnaposikia habari za kuwashukuru wachangiaji mnataka kujua italipa kiasi gani. Wenzetu wa Marekani walilipima hilo, walifuatilia mamia ya maelfu ya watu waliokuwa wamechangia kwa mara ya kwanza, wengi wao wachangiaji wa vituo vya televisheni vya umma, kwa miaka sita, baadhi wakapigiwa simu ya asante na wengine hawakupigiwa, na baadaye waliopigiwa hawakutoa zaidi ya wale wengine. Matokeo yakachapishwa na watu wa fani hii wakashtuka. Mimi yalinifurahisha kwa kweli, maana yanatuondolea tamaa, ukitoa asante kama chambo jua samaki hali. Mnashukuru kwa sababu mtu ametoa na ana haki ya kujua hela yake imefanya nini, basi.

Ila kuna uchunguzi mwingine wa hukohuko, wa mwaka 2007, ambao ningependa bosi wako ausikie. Kwenye chuo kikuu kimoja kuna wale wanaopiga simu kuomba michango, kazi ya kuchosha, siku nzima wanakataliwa. Baadhi yao wakakutanishwa kwa dakika chache tu na mwanafunzi mmoja aliyesomeshwa kwa michango hiyo, akawaeleza maisha yake. Mwezi mmoja baadaye makusanyo yao yalikuwa yamepanda kwa asilimia 171. Wale ni wafanyakazi wa ofisi wenyewe, sio wachangiaji! Kwa hiyo kabla hujawaza wahitimu, nyie wawili hapo mmeshakaa na hata msichana mmoja aliyelipiwa ada mkamsikiliza? Kama bado, anzeni hapo, jumatatu.

Halafu daftari lenu liangalieni. Kwenye chuo kimoja nilichofanyia kazi tulikuwa tunamtumia mzee mmoja "Ndugu Mdau" kila robo mwaka, mpaka siku binti yake akapiga akasema kwa sauti ya upole kabisa, baba alifariki mwaka jana mwezi wa tatu, simu yake anayo mama, na kila meseji yenu ikiingia mama anashtuka. Nilikosa la kusema. Kumbe alikuwa ametuchangia miaka sita na msibani hatukuonekana, hata rambirambi hatukutuma. Tangu siku hiyo nikawa naandika kwenye Excel kila jina linavyoandikwa na mwenyewe anavyopenda kuitwa, kama ni Hajati basi Hajati, kama ni Mchungaji basi Mchungaji, nani kaomba jina lake lisitangazwe maana wapo wanaotoa kama sadaka na hawataki mtu ajue, na nani katangulia mbele ya haki.

Sasa hao 254 waliokaa kimya msiwaombe kitu kwanza. Nendeni kwenye saiti mpige picha boma lilivyo leo, kama limeishia kwenye lenta pigeni hivyohivyo kwenye lenta, msisubiri lipauliwe. Kisha kila mtu apate meseji yake kwa jina, mnaweza mkafanya ishirini kwa siku, wiki mbili na nusu mmemaliza. Kitu kama hiki: "Shikamoo mama, ni ofisi ya wahitimu. Mwaka juzi ulitupa elfu tano ya hosteli ya wasichana. Hii ni picha ya juzi, tumefika kwenye lenta, tumekwama kwenye mbao za kupaulia kwa sababu bei ilipanda. Tulichelewa kukwambia, utusamehe. Asante sana." Kontro namba isiwepo. Na kama kuna hela ya hosteli mliihamishia kwenye kitu kingine semeni, watu wazima wanaelewa, ila wakija kusikia pembeni hapo mmekwisha. Mkishamaliza subirini miezi mitatu minne ndo muombe tena. Na kuanzia sasa muamala ukiingia leo, kesho asante iwe imeshatoka, isipite wiki.

SWALI: Hujambo mama? Mimi ni Mkenya, nafanya kazi Doha. Mwaka jana nilitumia chuo nilichosomea shilingi elfu hamsini za basari, pesa ya jasho hiyo, huku jua si mchezo. Nilipata risiti ya benki pekee. Juzi nimeona kwenye jarida lao picha za mkurugenzi wa kampuni fulani akikabidhi cheki kubwa ya kadibodi, kurasa mbili nzima. Nikiuliza yangu ilienda wapi nitaonekana natafuta sifa?
Msomaji, Doha

JIBU: Sijambo mwanangu, pole na jua. Uliza, tena uliza kwa maandishi. Kutaka kujua kama kuna mtoto alilipiwa karo na hela yako hakuna sifa yoyote hapo.

Hata hivyo hicho unachokisema kinaniuma, kwa sababu vyuo vyetu vimejengwa na watu kama wewe kuliko wanavyokumbuka. Pale Kakamega, chuo ambacho leo kinaitwa Masinde Muliro kilianza mwaka 1972 kikiitwa WECO, yaani Western College, kwenye lile vuguvugu la harambee. Wenye harambee zile unawajua, wazazi wetu wale, mtu analeta jogoo ananadiwa, mwingine debe la mahindi, na jina linasomwa mbele ya umati kama lile la mwenye noti. Na pale Chuo Kikuu cha Nairobi bila shaka umeshapita kwenye sanamu ya Gandhi. Jumuiya ya Wahindi wa Afrika Mashariki ilichangisha hela za kujenga chuo cha kumbukumbu yake, wakaziunganisha na Royal Technical College, ndicho kilichokuja kuwa hicho Chuo Kikuu cha Nairobi, na sanamu ikazinduliwa mwaka 1956. Hiyo ni asante ya sanamu, miaka kama sabini na bado imesimama pale wanafunzi wanaipita wakienda darasani. Sasa wewe wa elfu hamsini hatutegemei ujengewe sanamu, lakini barua ya ukurasa mmoja itawagharimu nini?

Waandikie ofisi ya basari, taja tarehe na namba ya muamala, uliza mambo mawili: ilitumika muhula gani, na je mnufaika angependa kukuandikia. Lile la pili wasilazimishe, wamuulize tu. Wakikaa kimya mwezi mzima, mwaka ujao mtafute mwalimu wako wa zamani unayemwamini akuonyeshe mwanafunzi mmoja mwenye shida, karo ilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo kwa namba yake ya usajili. Hela itabaki chuoni kwako hukohuko, ila safari hii utajua ni nani.

SWALI: Shikamoo. Mimi ninasomeshwa na ufadhili mwaka wa tatu sasa. Ofisi inataka nipande jukwaani kwenye hafla ya wafadhili nieleze jinsi tulivyokuwa tunalala njaa nyumbani, na wamepiga picha nyumba yetu. Mama yangu hajapenda. Nikikataa nitaonekana sina shukrani?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama yako yuko sahihi, na hiyo nyumba ni ya kwake. Picha yake na habari za familia yenu zinalindwa, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hawawezi kuzitumia hivihivi bila ridhaa. Nenda kwa mkuu wa ofisi mwambie picha ziondolewe, mwambie kwa adabu ila asibaki na shaka kuwa umekataa.

Jukwaani panda kama unataka mwenyewe. Ila usiwape njaa yenu. Wape unachokifanya sasa hivi, unasoma nini, somo gani lilikutoa jasho ukarudia mtihani ukafaulu, kuna kifaa gani maabara ulikishika kwa mara ya kwanza na ukaogopa kukivunja, ukimaliza unataka kwenda kufanya kazi wapi. Dakika nne zinatosha. Na ukimwona mfadhili mwenyewe chini pale, usimalize na "asanteni wafadhili wote", shuka, mfuate, mpe mkono na umwambie jina lako.